Handaki la Kale Bado Linapumua

Maandishi ya hotuba iliyotolewa mjini Moshi, mwezi Julai, mbele ya waongoza watalii, wachimbaji wadogo na wanafunzi wa jiolojia.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, waongoza watalii, ndugu zangu mliotoka Mirerani na vumbi la grafiti likiwa bado kwenye kucha, wanafunzi, mabibi na mabwana. Wazee, shikamooni. Itifaki nyingine naomba ihesabike kuwa imezingatiwa, maana ukumbi huu una baridi na chai ya tangawizi iko nyuma inatusubiri.

Niliombwa nizungumze juu ya kutembelea mahandaki ya kale ya viwanda na migodi wakati wa majira ya baridi, na aliyeniomba alikiri kwamba wenzake walicheka: majira gani ya baridi, hapa Moshi? Nakubali kwamba kipupwe chetu cha Juni na Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na watu wa Kibosho wakavaa makoti mawili, si kitu mbele ya baridi ya Sweden au ya Chicago. Hata hivyo nimechagua kuanzia huko kwa sababu baridi kali huonyesha kwa macho jambo ambalo hapa kwetu lipo lakini halionekani, nalo ni kwamba handaki lililoachwa halijaacha kufanya kazi. Waliolichimba wameondoka, reli imeng'olewa na taa zimezimwa, lakini hewa inaingia na kutoka, maji yanatafuta njia, mbao zinaoza na viumbe wamehamia. Anayeingia humo anaingia ndani ya mtambo ambao bado unazunguka, isipokuwa hauna tena msimamizi.

Najua kwa nini mada hii imewavuta. Wageni wanaoshuka mlimani wakiwa na siku moja ya ziada huuliza kuna nini kingine cha kuona, na baadhi yenu mmekuwa mkiwapeleka kwenye mahandaki ya Marangu, yale ambayo wazee wa Kichagga walijichimbia ili kuficha watu na ng'ombe zama za vita vya wamangi, yaani machifu wa Kichagga, na uvamizi wa Wamasai. Wengine mmeniuliza pembeni kama inafaa kuwaingiza wageni kwenye maduara ya zamani, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, upande wa Mirerani. Kwa Mirerani yenyewe jibu la sheria linatangulia la utaalamu, kwa kuwa machimbo ya tanzanaiti yamezungukwa na ukuta wa kilomita 24 uliozinduliwa mwaka 2018, na hapaingiliki bila kibali. Lakini mashimo yaliyoachwa hayapo Mirerani peke yake, na vijana wanayaingia kila siku bila kumuuliza mtu. Sikuja kuwakataza. Nimekuja kueleza mnaingia kwenye kitu gani.

Nianze na Falun, katikati ya Sweden, ambako nilipelekwa kwa mafunzo mafupi ya uingizaji hewa migodini. Mgodi ule wa shaba ulichimbwa kwa takriban miaka elfu moja, ukafungwa mwaka 1992, na mwaka 2001 ukaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nilifika Januari. Nje kulikuwa na nyuzi 14 chini ya sifuri, pua inauma kwa ndani, na theluji inalia chini ya viatu kama bisi zinazotafunwa. Tulivalishwa makoti ya mvua na kofia ngumu, tukaanza kushuka ngazi za mbao. Hatua za mwanzo zilikuwa na barafu iliyoning'inia kutoka darini na nyingine iliyosimama kutoka sakafuni kama mishumaa iliyoyeyuka na kuganda tena. Tuliposhuka zaidi barafu ikapungua, ikawa matone, kisha miwani yangu ikajaa ukungu ghafla nikawa sioni kitu. Nilipoifuta nikamwona Mswidi aliyetuongoza amevua glavu zake na kuziweka mfukoni. Kule chini, mita 67 kutoka juu, joto ni nyuzi 5 au 6 mwaka mzima, iwe theluji au jua. Mimi mtoto wa Arusha nilikuwa bado natetemeka, lakini mwenzangu alikuwa ameingia ardhini kuota moto.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili wangu kitu nilichokuwa nimekisoma tu. Mwamba ulio chini kidogo ya ardhi hauhesabu misimu, unashika wastani wa joto la mahali pale kwa mwaka mzima. Kwa hiyo wakati wa baridi hewa ya ndani ni ya joto kuliko ya nje, na hapo mchezo wote unaanza. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 0 ina uzito wa karibu kilo 1.29, wakati ile yenye nyuzi 20 ina karibu kilo 1.20. Tofauti hiyo ya gramu 90 inaonekana ndogo, lakini jazeni handaki zima kwa hewa nyepesi, lipeni mdomo mmoja bondeni na mwingine mlimani, nalo litafanya kazi kama dohani. Hewa nzito ya nje inaingia kwa mdomo wa chini, inaisukuma ile nyepesi, na hiyo inatokea juu. Kiangazi kikifika, mambo yanageuka: hewa ya handakini inakuwa ndiyo baridi na nzito, inateleza na kutokea kwa mdomo wa chini, na ile ya joto inanyonywa kutoka juu.

Wakati wa baridi yote haya yanaonekana bila kifaa chochote. Mdomo unaonyonya hewa una barafu, kwa sababu matone yote ya karibu na mlango yanaganda. Mdomo unaotoa hewa hauna barafu, una mvuke, na theluji iliyouzunguka imeyeyuka na kuacha duara la majani mabichi katikati ya weupe. Mtu mwenye macho hutembea juu ya kilima asubuhi, akaona uzi mwembamba wa mvuke unapanda kutoka kichakani, akajua kwamba pale chini pana shimo na kwamba mahali fulani bondeni pana mlango wake. Kati ya misimu hiyo miwili kuna siku ambazo joto la nje na la ndani hulingana, na siku hizo handaki halivuti wala halitoi. Wageni huziona kuwa siku nzuri, kwa kuwa nje hakuna baridi wala joto. Mtaalamu wa hewa huziogopa kuliko zote.

Kabla sijaondoka Falun, niwape kisa kimoja cha maji. Mwaka 1677 kijana mmoja aitwaye Mats Israelsson aliingia mgodini asitoke tena. Mwaka 1719, miaka 42 baadaye, wachimbaji walikuta mwili katika sehemu ya zamani iliyojaa maji, ukiwa mzima kama wa mtu aliyekufa juzi, kwa sababu maji yale yalikuwa na chumvi za shaba na za chuma zinazozuia kuoza. Hakuna aliyemtambua mpaka alipotokea bibi kizee aliyekuwa mchumba wake, akamtaja kwa jina. Yeye amezeeka na mchumba bado kijana. Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya mapenzi yake, na mimi siwalaumu, ila mimi husikia zaidi habari ya yale maji. Kwa miaka 42, hapo ambapo hakuna aliyekanyaga, mgodi uliendelea na kazi yake ya kemia.

Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu tofauti ya joto kati ya mwezi na mwezi ni ndogo, lakini kati ya usiku na mchana ni kubwa. Usiku wa kipupwe hewa ya nje hupoa kuliko ya ndani, na duara lenye midomo miwili hupumua vizuri. Jua likipanda, pumzi hiyo hudhoofika au hugeuka. Duara lenye mdomo mmoja, na mengi ya kwetu ndivyo yalivyo, mchana hukaa na hewa yake baridi chini kama maji kisimani, wala hakuna kinachoitoa. Ndugu zangu wa Mirerani wanajua kwa nini kompresa ya kupuliza hewa shimoni hailali. Mnakumbuka pia mwaka 2002, wachimbaji zaidi ya 30 walipokufa kule kwa kukosa hewa. Mafuriko ya 1998 na 2008 yanasimuliwa zaidi, labda kwa sababu maji yana kishindo na hewa haina, lakini mimi naiogopa hewa kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna pumzi ya pili ambayo nadhani wengi hamjapata kuisikia, na naomba mnivumilie kidogo hapa, maana ndiyo hasa iliyonileta. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kwa utaratibu ambao ungeweza karibu kurekebishia saa. Unafika juu kabisa mnamo saa nne asubuhi, unashuka mpaka saa kumi jioni, unapanda tena hadi saa nne usiku, kisha unashuka hadi alfajiri. Chanzo ni jua linavyopasha angahewa. Kiasi chenyewe ni kama milibari 3, kati ya milibari 1,000 hivi za mgandamizo wa kawaida pwani. Ulaya jambo hili halionekani, kwa sababu dhoruba za majira ya baridi hupandisha na kushusha mgandamizo kwa milibari 30 au zaidi na kulimeza, na wachimbaji wa makaa ya mawe wa huko walijifunza zamani kuogopa siku ambayo baromita, chombo cha kupimia mgandamizo huo, inaanguka. Kwetu hakuna dhoruba za namna hiyo, kwa hiyo linabaki hili dogo, la kila siku.

Dogo kiasi gani? Chukua machimbo ya zamani yaliyozibwa na kifusi, yenye uwazi wa mita za ujazo 10,000 ndani. Mgandamizo wa nje ukishuka kwa milibari 3, hewa iliyomo inatanuka na kutoa nje kama mita za ujazo 30 kupitia nyufa. Kwa mgodi mzima si kitu. Lakini uchochoro wa kupita kwa magoti, wenye upana wa mita moja na kimo cha mita moja, unajazwa na mita hizo 30 kwa urefu wa mita 30. Na hewa hiyo si hewa ya nje. Imekaa miaka na mbao zinazooza na miamba inayoshika kutu, ambayo imekula oksijeni na kuacha nitrojeni na kaboni dayoksaidi. Haina harufu wala rangi.

Nilikuwa na miaka 19, mvuta kamba katika duara la mtu ambaye jina lake halina umuhimu. Jirani yake palikuwa na duara lililoachwa, na asubuhi moja tuliingia humo kung'oa matimba, mbao za kushikilia mwamba, ambayo tuliona yanaozea bure. Tulifanya kazi saa mbili, tukaimba, tukatoka. Jioni nikakumbuka nyundo. Nilipofika mdomoni, mzee mmoja wa Singida aliyekuwa amekaa pale akinoa patasi aliniambia nisubiri. Akachukua kopo la maziwa ya unga, akasimamisha mshumaa ndani, akalifunga kamba na kulishusha taratibu. Tukalitazama. Mwali ulikuwa wa manjano, umesimama. Kopo lilipofika kama kimo cha goti kutoka sakafu ya ngazi ya kwanza, mwali ukawa mfupi, ukajitenga na utambi, ukazimika bila moshi wa kutosha kuonekana. Akalivuta, akaliwasha, akalishusha tena, ukazimika pale pale kana kwamba pana mstari umechorwa. Mimi kijana mbishi nikashuka ngazi tatu kuhakikisha. Kichwa kilikuwa sawa kabisa. Miguu ndiyo iliyoacha kuwa yangu. Mzee alinivuta kwa ukosi wa shati, akanitukana kwa Kinyaturu, kisha akaendelea kunoa patasi yake. Asubuhi pazuri, jioni pabaya, shimo lile lile. Ilinichukua miaka kumi na baromita ya kuazima kuelewa alichokijua yule mzee kwa kukaa mdomoni mwa mashimo tangu ujana wake.

Nisieleweke vibaya juu ya mshumaa. Kwenye migodi ya makaa ya mawe, ambako kuna methani, gesi inayolipuka, mwali ulio wazi ndio uliokuwa ukiwaua watu, na ndiyo sababu Humphry Davy alibuni taa yake ya wavu mwaka 1815. Baadaye John Scott Haldane, daktari wa Uskoti, akapendekeza ndege wadogo wa kanari wawe wanashushwa pamoja na waokoaji, kwa kuwa kanari huanguka kwa kaboni monoksaidi mapema kuliko mtu, na migodi ya Uingereza iliwatumia hadi mwaka 1986 walipoamua kuwaachia vifaa vya umeme kazi hiyo. Leo kifaa cha kupima gesi nne kinaenea kiganjani na hakihitaji kulishwa mtama.

Waongoza watalii nataka wanisikilize hapa, kwa sababu ninyi mnaijua oksijeni kuliko watu wengi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kifaa changu hulia ikishuka chini ya 19.5. Mshumaa huzimika kwenye 16 au 17. Kwenye 10 mtu huzimia, na kwenye 6 hufa katika muda mfupi sana. Mtasema: mbona pale Uhuru, mita 5,895, mgandamizo ni nusu ya ule wa pwani, ambayo ni sawa na kuvuta hewa ya asilimia 10, na wageni wetu wanapiga picha na kushuka? Ni kweli, na tofauti iko kwenye siku. Mlimani mnampandisha mgeni pole pole, mnamlaza kituo cha Horombo, mnampima kidoleni kila jioni, na mwili wake unapata nafasi ya kujipanga. Handakini anatoka kwenye 20.9 hadi kwenye 10 kwa hatua nne. Mlimani mwili hulalamika kwanza: kichwa, kichefuchefu, usingizi. Handakini mara nyingi hakuna kinacholalamika, kwa sababu kinachotufanya tuhisi kukosa pumzi ni kuzidi kwa kaboni dayoksaidi, si kupungua kwa oksijeni, na pale ambapo oksijeni imepungua peke yake mtu huanguka akiwa anatabasamu. Kisha rafiki yake humkimbilia, na rafiki wa rafiki. Msikimbilie. Hilo nalisema kama amri.

Kuhusu popo nitakuwa mfupi. Nchi nyingi za baridi hufunga mahandaki ya kale wakati wa baridi kwa ajili yao, maana hulala humo miezi kadhaa wakitumia mafuta ya mwilini, na kila wanapoamshwa wanachoma akiba ambayo haitarudi mpaka wadudu warudi. Mwaka 2006 katika jimbo la New York alionekana kuvu anayeota puani mwao na kuwaamsha mara kwa mara. Ameua mamilioni, na watu walioingia mapangoni na viatu vichafu wanashukiwa kumhamisha. Kwetu hatari inaelekea upande wa pili, kutoka kwa popo kuja kwa mtu. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliambukizwa virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali ya kutoka damu, na popo walao matunda waliokuwa wakiishi humo kwa maelfu walikutwa na virusi hivyo hivyo. Kenya wanalikumbuka pango la Kitum, mlima Elgon, kwa ugonjwa huo huo mwaka 1980 na 1987. Ukisikia harufu kali ya mavi ya popo mdomoni mwa handaki, safari hiyo imekwisha, hata kama mgeni ameshalipa.

Sasa niwapeleke Chicago, kwa sababu mpaka hapa nimezungumza kama mtu anayezuia, na ukweli ni kwamba naamini mahandaki ya kale yanahitaji watu wa kuyaingia.

Chini ya katikati ya jiji lile, mita 12 hivi kutoka barabarani, kuna mtandao wa mahandaki uliochimbwa kuanzia mwaka 1899. Kibali kilikuwa cha kupitisha nyaya za simu, lakini wenye kampuni walichimba tundu pana kuliko nyaya zinavyohitaji, na punde pakawa na reli yenye upana wa sentimita 61 na vichwa vya treni vya umeme. Udongo wa pale ni mfinyanzi wa rangi ya bluu, mlaini kiasi kwamba vibarua waliukata kwa visu kama muuza duka anavyokata sabuni ya mche, na nyuma yao wakafuata watu wa zege. Mtandao ukafika karibu kilomita 97. Wakati wa baridi, barabara za juu zikiwa zimezama kwenye theluji, vitoroli vilipita chini vikipeleka makaa ya mawe kwenye majengo na kurudi na majivu. Wakati wa joto baadhi ya kumbi za maigizo zilinyonya hewa ya handakini, yenye nyuzi 13 mwaka mzima, ili kupoza watazamaji. Malori yakaishinda reli, na mwaka 1959 kazi ikasimama. Jiji likaendelea kuishi juu ya mahandaki yale bila kuyafikiria, isipokuwa mafundi wachache waliopitisha nyaya.

Septemba 1991, nguzo za kulinda daraja la barabara ya Kinzie zilipigwa kwenye kitanda cha mto, karibu mno na handaki lililopita chini yake. Hazikulitoboa. Zilisukuma udongo, na udongo ukaupasua ukuta. Januari 1992, katikati ya majira ya baridi, mafundi wa nyaya za televisheni walikuwa wakikagua handaki hilo wakaona tope na maji yanachuruzika kwenye ufa. Walikuwa na kamera ya video, wakapiga picha. Nawaomba mlitazame jambo hilo kwa karibu: watu wachache wenye tochi, juu yao mto wa Chicago katika baridi ya Januari, na tope laini linaingia taratibu, kiasi ambacho mtu angeweza kulizuia kwa gunia. Walitoa taarifa. Taarifa ikatembea kwenye meza za ofisi Februari na Machi. Bei ya kuziba ilitajwa kuwa kama dola 10,000, ikaonekana ni kubwa, wakaanza kutafuta bei nyingine. Alfajiri ya Aprili 13 ukuta ukaachia. Maji yapatayo lita milioni 950 yaliingia kwenye mahandaki na kutoka humo kwenye vyumba vya chini vya majengo, samaki wakaonekana wakiogelea mahali palipokuwa na mitambo ya umeme, na maelfu ya watu wakaondolewa maofisini. Walijaribu kuziba tundu kwa malori ya mawe, saruji na hata magodoro. Hakufa mtu, lakini hasara ilikadiriwa kufika dola bilioni moja.

Watu husimulia kisa hicho kuwasema maofisa. Mimi nawakumbuka wale mafundi. Waliingia kwa sababu ya kazi, wakajua wanachokitazama, wakapiga picha, wakaandika mahali na siku, wakatoka wakasema. Hiyo ndiyo namna ya kuingia handaki la kale ninayoiheshimu, kuliko ya wale wanaoruka uzio usiku ili wakajionyeshe kwa marafiki. Paris walifika kwenye hekima hiyo mapema. Baada ya barabara kumezwa na machimbo ya mawe ya zamani mwaka 1774, mfalme aliunda ofisi ya ukaguzi mwaka 1777, wakaanza kuchora ramani ya kila uchochoro, na ofisi hiyo ipo hadi leo. Na huko Niagara, upande wa Kanada, handaki la kutolea maji la kituo cha umeme kilichofungwa mwaka 2006, lenye urefu wa zaidi ya mita 600, lilifunguliwa kwa wageni mwaka 2022. Lilichimbwa kwa baruti, sururu na taa za mafuta mwanzoni mwa karne ya 20. Sasa bibi wa miaka 80 anashuka kwa lifti na kutembea mpaka ukingoni mwa mto. Kati ya kufungwa na kufunguliwa ilipita miaka 16.

Kwa mahandaki yetu ya Marangu sioni haja ya miaka 16. Ni mafupi, udongo wake wa volkano ni mgumu kiasi, na wazee wenye mashamba wanajua mengi ambayo sisi tutayapima tu. Yanayohitajika ni mambo ya kawaida: ramani ya kila tundu, hata lile lililozibwa ambalo bibi fulani anakumbuka liko chini ya mgomba wake, daftari la hewa lenye tarehe na saa, na mtu mmoja anayebaki nje kila safari, mwenye simu na orodha ya walioingia. Kwa maduara ya migodi msimamo wangu ni mkali zaidi. Duara ambalo halina mdomo wa pili halifai mgeni, hata hewa yake ikipimwa ikawa safi, na hapo najua nawaudhi wawili au watatu waliokuwa wamekwisha kuchora mabango.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kesho, kwa ruhusa ya mwenye shamba, nitalipima handaki moja la Marangu pamoja na wale 12 waliojiandikisha. Tutaingia saa nne asubuhi na kusoma kifaa kila baada ya mita tano, goti, kifua na kichwa. Tutatoka, tutakula ndizi kwa mama wa jirani, na saa kumi jioni tutarudi kupima sehemu zile zile. Kofia ngumu ninazo, gambuti kila mtu aje na zake, na atakayeshika kalamu nje atachaguliwa asubuhi kwa kura.